Wachora Ruti Hawapandi Daladala

Jamani, mtu wa Dar es Salaam akianza kulia kwamba daladala lake limebadilishiwa ruti, mleteni Nambambo. Nitampa kigoda na chai ya rangi, halafu tulie wote. Yeye gari lake limehamishwa kutoka barabara hii kwenda ile. Sisi wa Nachingwea tulihamishiwa treni, na halikupelekwa barabara ya pili. Lilikwenda moja kwa moja, na reli zake likabeba.

Kwa msiotujua, Nambambo ni kata ya mji wa Nachingwea, mkoani Lindi, na mji wetu ulichorwa na wageni. Mwaka 1947 Waingereza walikuwa wametoka vitani hawana mafuta ya kupikia, wakaamua kwamba Tanganyika italima karanga: Kongwa, Urambo, na huku kwetu. Matrekta yakaja. Visiki vikang'olewa. Mtwara ikaanza kujengewa bandari ya kina kirefu, na reli ikatandikwa kutoka pwani hadi hapa ili kubeba mavuno. Kila kitu kilikuwa njiani kuja isipokuwa karanga zenyewe. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, pauni milioni 36 za walipa kodi wao zikiwa zimeishia porini. Treni likaendelea kujikongoja bila mzigo wa maana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa, kisha vyuma vikang'olewa.

Kilichobaki ni kata ya Stesheni. Sitanii. Ni kata kamili, ina wapiga kura na siasa zake. Treni ndilo halina habari nayo. Mgeni akimwambia kijana wa bodaboda, "Nipeleke Stesheni," anapelekwa, analipa, anashuka, anaanza kutazama kushoto na kulia akitafuta behewa. "Kaka, treni linapita saa ngapi?" Umechelewa kidogo, ndugu yangu. Kaa kivulini.

Kwa hiyo mimi suala la ruti nimelirithi. Marehemu baba alilipanda treni lile, na hadi anafariki hakuna aliyemfuata kumwambia kwamba limesimamishwa. Alijua kama wanavyojua abiria wote wa nchi hii: alikwenda kulisubiri.

Sasa nina mpwa wangu anaishi Kimara, Dar es Salaam. Korosho zikishauzwa na malipo yakaingia, huwa nakwenda kumsalimia. Kila nikienda nakuta mji umepangwa upya, utadhani wananisubiri niondoke ndipo waanze. Nilikwishaijua Ubungo vizuri. Nilijua mlango wa kuingilia, mlango wa kutokea, na mpiga debe gani anakunyang'anya begi kwa upendo na yupi anakunyang'anya moja kwa moja. Februari 2021 kikazinduliwa Kituo cha Magufuli kule Mbezi Luis, mabasi ya mikoani yakahamia huko, na pale Ubungo pamejengwa kituo kikubwa cha biashara. Daladala za Ubungo nazo zilikuwa zimeshahamishiwa Simu 2000. Mwenge niliyoizoea, stendi yake ikapelekwa Makumbusho. Mimi ni mtu mzima, nina mvi. Siwezi kila mwaka kujifunza Dar es Salaam upya kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mpwa wangu ananiambia, "Mjomba, hayo ndiyo maendeleo." Naam, mwanangu, nimeyaona, na mimi si adui wa maendeleo. Barabara ya Kimara hadi Kibaha imepanuliwa, ina njia nane, nimeishangaa. Barabara ya juu pale Ubungo nayo nimepita, nikashika roho. Ninachouliza ni kimoja: wakati wanavichora vyote hivi, mtu mwenye kiroba alikuwa amekaa upande gani wa meza?

Sisi wa kusini tunaingia mjini kwa Barabara ya Kilwa, kupitia Mbagala. Kimara iko Barabara ya Morogoro. Katikati ya barabara hizo mbili ndipo Mungu alipoweka mitihani yake. Safari moja nilipanda Mbagala daladala lililoandikwa ubavuni, kwa maandishi ambayo hata mimi bila miwani niliyasoma, kwamba linafika Ubungo. Nikakaa siti ya dirishani, kiroba cha korosho miguuni, kuku wawili wa kienyeji kwenye tenga. Tulipofika Buguruni foleni ikakaza. Konda akagonga bodi: "Mwisho hapa! Gari linageuza!"

Nikamwambia, "Mwanangu, mbona hapa ubavuni imeandikwa Ubungo?"

Akanijibu kwa heshima zote, "Shikamoo mzee. Maandishi ni ya LATRA. Mafuta ni ya tajiri."

Nikaitikia marahaba, nikashuka. Ungekuwa wewe ungejibu nini? Yule kijana alinifundisha somo zima la uchukuzi kwa sentensi mbili. Kila ruti ya daladala iko mara mbili. Ya kwanza iko kwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, ile LATRA iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, na imepakwa rangi ubavuni mwa gari. Ya pili iko kichwani mwa suka, yaani dereva, na hiyo hubadilika kila baada ya dakika tano. Jioni suka anatakiwa kupeleka hesabu kwa tajiri mwenye gari, na tajiri hasikilizi habari za foleni. Akiona mbele hakuendeki na nyuma kuna abiria wamejaa, anageuza. Kukatisha ruti ni kosa, kila mtu anajua, hata kuku wangu walijua. Lakini faini ni ya siku ukikamatwa, hesabu ni ya kila siku.

Halafu kuna mradi wa mabasi ya mwendokasi. Ulipoanza Mei 2016, kilomita 21 kwa jumla, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, daladala zilizokuwa zikipita barabara ile kwenda mjini ziliondolewa zikapangiwa ruti nyingine. Haki isemwe: basi likija na ukaingia, linakwenda. Dereva anapita kwenye njia yake peke yake huku wenye magari madogo wakimtazama kwa kijicho. Matatizo yangu ni hapo kwenye "likija" na hapo kwenye "ukaingia".

Ila kilio changu kikubwa ni ile nukta. Kwenye ramani za hawa wataalamu, mahali pa kubadilishia gari panaonyeshwa kwa nukta. Nukta ndogo, nzuri, nyeusi. Zamani mtu wa Mbezi alikuwa anakaa kwenye gari moja mpaka mjini, amesinzia, kichwa kiko begani kwa jirani asiyemjua. Ruti ikabadilishwa, akaambiwa ashuke Kimara abadilishe. Mchoraji akaweka nukta, akaenda kunywa chai. Abiria alipofika penye ile nukta akakuta foleni ya tiketi, foleni ya kuingia, nauli ya pili, na mwanafunzi aliyesimama juu ya kidole chake cha mguu. Mpeleke hapo mama mjamzito. Mpeleke mzee mwenye tenga la kuku. Nukta ile ina kilomita zake ndani.

Wenye mji nao hawakukaa kimya, wamebuni dawa yao. Alfajiri mtu anayekwenda mjini anapanda gari linalotoka mjini. Analipa nauli kwenda asikokwenda, hadi mwisho wa ruti, ili gari likigeuza awe tayari amekaa. Wanaita kugeuza nalo. Hebu fikiria: taifa zima la watu wazima, wenye familia na vyeti, linaanza siku kwa kurudi nyuma na kulipia.

Na kama mnadhani namwonea mchoraji, twendeni Jangwani. Karakana ya mabasi ya mwendokasi iliwekwa kule, bondeni mwa Mto Msimbazi. Masika ilipokolea, Msimbazi ulifurika, barabara ikafungwa, na mabasi yakaanza kuhamishwa. Mama lishe yeyote aliyewahi kuinjika sufuria Jangwani angewaambia habari hiyo bure, na kikombe cha uji angewaongezea. Hakuulizwa. Hakuwa kwenye orodha ya washauri.

Basi narudi kwetu Nambambo nikidhani nitapumzika. Wapi! Huku nako kijiweni wameambukizwa. Mji unakua, nyumba za bati jipya zinaongezeka, bajaji zimekuwa nyingi, na kila jioni kwenye bao kuna mtu anachora ruti kwa kijiti mchangani. Kinyozi anasema magari ya Masasi lazima yapakilie mbele ya saluni yake, kwa sababu za kiusalama. Mwenye duka la simenti anasema stendi isogee upande wake, kwa sababu za kiuchumi. Mama ntilie anasema abiria wana haki ya kula kabla ya safari, na hatuhitaji kuuliza wale wapi. Vijana wa bodaboda hawataki ruti yoyote: wanasema wananchi wanataka kushushiwa mlangoni, na wako tayari kujitolea kutuhudumia hivyo kwa elfu moja, usiku elfu mbili.

Mimi nilitoa pendekezo la kitaalamu kabisa. Nilisema gari lipite karibu na kwangu, lakini lisipige honi, lisitimue vumbi, na lisisimame hapo kumpakia mtu mwingine yeyote ila mimi. Pendekezo lilipingwa kwa kelele. Hii nchi haipendi wataalamu wake.

Usafiri wenyewe tunaougombania ni hiace la Masasi linaloondoka likijaa. "Bado mmoja tu, mzee, tunatoka!" Huyo mmoja anatafutwa tangu jua linachomoza. Akipatikana, mwingine aliyechoka kusubiri ameshashuka kwenda kununua maji, na hesabu inaanza upya. Ukikata tamaa ukasema uende Ruangwa, hapo unaongeza na maumivu ya moyo. Ruangwa ilikuwa Nachingwea. Tuliigawa mwaka 1995 ikawa wilaya yake, tukaiombea heri. Leo ina Uwanja wa Majaliwa na timu ya Namungo ya Ligi Kuu, iliyowahi hata kucheza makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na sisi wazazi tunalipa nauli kwenda kuangalia mpira kwa mtoto. Watani zangu wa Ruangwa, nawaona mnavyocheka. Chekeni taratibu, nanyi siku moja mtachorewa ruti.

Pamoja na ubinafsi wetu wote, kijiwe cha Nambambo kina sifa moja ambayo ofisi nyingi hazina: kila anayechora pale, kesho yake anapanda. Kinyozi akikosea, atatembea na miguu yake. Ndiyo maana ugomvi unakuwa mkali, na ndiyo maana mwishoni huwa wanakubaliana jambo ambalo angalau linapitika wakati wa mvua.

Kwa hiyo masharti yangu kwa yeyote anayetaka kubadili ruti, iwe Kariakoo, Dodoma au hapa kwetu, ni machache. Kwanza, apande ruti ya sasa wiki nzima, saa kumi na mbili asubuhi, amesimama, na mzigo mkononi, kwa nauli ya mfukoni mwake. Asiende na mpiga picha. Pili, asifunge njia ya zamani kabla mpya haijaonekana inatembea. Kule Mbagala barabara ya mwendokasi ilikamilika, ikang'aa, ikakaa muda mrefu inasubiri mabasi huku watu wakiitazama kutoka kwenye daladala zilizojaa. Tatu, anayeshushwa njiani ili abadilishe gari asilipe mara mbili. Si yeye aliyeomba kushuka. Nne, tangazo libandikwe kituoni wiki kadhaa kabla, kwa maandishi makubwa, siyo tuambiwe na konda siku ile ile tukiwa tumeshalipa.

Na wewe msomaji, usijifanye huhusiki. Ukiitwa mkutano wa mtaa au wa kijiji kuhusu stendi, barabara au ruti, nenda. Mwenyekiti akiuliza, "Kuna swali?", usitazame dari wala usisubiri soda. Simama uulize gari litapita saa ngapi, nauli itakuwa shilingi ngapi, na mwenye mzigo atashukia wapi. Usipouliza siku hiyo utauliza kituoni, na kituoni wa kukujibu ni konda.