Uso wa Mama Mkwe

Mama mkwe alipofika kutoka Pangani wiki ya Idi, wanangu walikuwa wameshamwandalia zawadi: picha yake iliyogeuzwa mchoro kwa programu ya simu, tayari kutiwa fremu ya sebuleni. Akaishika mbali na macho, akaikazia, kisha akauliza, "Huyu nani? Na mbona mmemtia ndui?"

Ndui ilikuwepo kweli. Picha ilipigwa saa saba mchana chini ya mwembe, na jua lililopenya majanini lilimwangukia mashavuni madoadoa. Sisi tunaomjua tunayapita madoa hayo bila kuyaona, programu haimjui. Chimbuko lake ni utafiti uliotoka Tübingen, Ujerumani, mwaka 2015, ulioionyesha dunia kwamba kompyuta inaweza kuchukua mtindo wa mchoro mmoja na kuuvisha picha nyingine. Mwaka uliofuata programu ya Prisma ikaleta kazi hiyo simuni. Penye doa, programu hupaka rangi. Na nyuma ya mama palikuwa na kanga mbili kambani, zikashikana na mtandio wake hata kichwa kisijulikane kinaishia wapi.

Shemeji akashauri nguvu ya mtindo iongezwe. Ikaongezwa, pua ikapotea. Binti yangu akaangua kilio, na mama mkwe akaingia chumbani akisema hapigwi picha tena katika nyumba hii. Mume wangu akambembeleza mlangoni mpaka chai ikapoa.

Aliyemtoa ni kitinda mimba wetu, alipomwomba achague kanga mwenyewe. Akatoka na kisutu. Nikamsihi akishushe mabegani, uso na shingo vibaki wazi. Tukamweka kwenye kigoda karibu na mlango, asubuhi, mwanga ukimjia ubavuni, nyuma yake ukuta wa chokaa mtupu. Nilimkumbusha binti yangu michoro ya Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972: mara nyingi mnyama mmoja mkubwa katikati, kwa rangi za baiskeli, na nyuma yake hapana fujo. Wengi waliomfuata ndio waliojaza ndege na majani kila pembe. Napenda ya mwanzo zaidi, na kwa uso wa mtu ndiyo inayofaa.

Safari hii nguvu ya mtindo ikashushwa hadi nusu. Mikunjo ya pembeni mwa macho ikabaki, ile inayojikusanya anapokaribia kucheka. Bila hiyo tungekuwa na mwanamke mwingine ukutani.

Dukani kwa mchapaji kukatokea zogo jingine. Picha ilitumwa kwa ujumbe wa simu, ikapunguzwa hadi pikseli 1080 ubavuni. Kwa nukta 300 kila inchi, hizo hazifiki hata sentimita 10, na shemeji alikuwa ameshanunua fremu ya A3, inayotaka pikseli 3508 kwa 4961. Binti akarudi kwenye picha ya asili, akahifadhi mchoro kwa ukubwa wa juu kabisa, akautuma kama faili. Ukatosha A4. Fremu ikabadilishwa, kwa maneno mengi.

Mama mkwe sasa anataka marehemu mumewe atundikwe kando yake. Aliyonayo ni picha ya pasipoti yenye muhuri uliopita sikioni. Shemeji alikuwa ameshaanza kuipitisha kwenye programu. Nimemzuia, maana muhuri ule utatoka kovu. Tumewapigia ndugu wa Muheza watafute nyingine.