Kuku, Koili na Wimbo wa Mwisho

Mjomba anaamini kwamba muziki wa Uriah Heep ukinyang'anywa kinanda cha Hammond, kinachobaki ni bendi nyingine. Ameushikilia msimamo huo tangu ujana wake, alipokuwa mpiga chapa kule Industrial Area na sehemu kubwa ya mshahara ikiishia kwenye maduka ya santuri. Ile ya Salisbury ya mwaka 1971, yenye picha ya kifaru cha vita kwenye jalada, bado anayo. Wimbo ulioipa albamu hiyo jina unachukua dakika 16 nzima, bendi ikisindikizwa na okestra, kinanda kikinguruma chini na sauti ya David Byron ikipanda juu yake. Hiyo ndiyo roki aliyoipenda Mjomba: ndefu, isiyo na haraka, inayobadilika katikati ya safari ukadhani umewekewa wimbo mwingine.

Kwa hiyo binti yake aliporudi likizo kutoka Ujerumani na kumletea DVD ya Acoustically Driven, sote tulijua jioni hiyo haitapita kimya. Ni tamasha lililorekodiwa Desemba 2000 katika ukumbi wa Mermaid, London, kando ya mto Thames. Bendi ilikuwa na umri wa miaka 31 wakati huo. Walioianzisha mwaka 1969 walikuwa wameondoka au kufariki, amebaki Mick Box na gitaa lake. Byron alifariki mwaka 1985, mpiga kinanda Ken Hensley alijitoa mwaka 1980. Usiku huo waliweka kando gitaa za stima, wakaleta za mbao, wakaita wapiga fidla, na Ian Anderson wa Jethro Tull akaja na filimbi yake kama mgeni.

Deki ya Mjomba ilikufa zamani. Yetu, hapa Kabiria, Nairobi, ingali hai kwa sababu watoto hawaithamini na hivyo hawaigusi. Akaja Jumapili jioni na anti, wameshuka Naivasha Road na kutembea kutoka hapo, DVD imefungwa kwa gazeti ndani ya mfuko wa koti.

Siku hiyohiyo mama mkwe alikuwa kwetu. Watoto humwita Kukhu. Alikuwa amewasili kutoka Butere na jogoo wa kienyeji, na jogoo wa kienyeji aliyesafiri usiku kucha kwa basi hawekwi kando asubiriwe sikukuu. Saa kumi na mbili alikuwa sufuriani. Saa moja kasoro, mtungi wa gesi ukaisha.

Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Baba watoto akasema hakuna haja ya kumsumbua mwenye duka la gesi Jumapili, ilhali koili iko chini ya kitanda. Mwenye ploti hazipendi koili, na ana sababu zake. Koili ya wati 1,000 hula uniti moja ya stima kila saa. Televisheni yetu ya wati 60 ingetumia uniti hiyohiyo kwa zaidi ya saa 16. Lakini jogoo alikuwa bado mgumu, wageni wameketi, na Kukhu ametoka mbali. Koili ikachomekwa. Mita ilikuwa huko nje kwenye korido, na hakuna aliyekwenda kuiangalia.

DVD ikaanza. Mjomba alivua kofia.

Wimbo wa kwanza ulipita na hakusema kitu. Wa pili, akageuza uso kumtazama anti. Wa tatu akasema, kwa upole wa mtu aliyeumia kweli, "Wamemfunga mdomo." Alimaanisha kinanda. Mikono ya Box aliitambua, sauti ya Bernie Shaw aliikubali maana Shaw anaimba na bendi hiyo tangu 1986 na si mgeni kwake, lakini alikuwa akiisubiri ile ngurumo na haikuja. Isitoshe, nyimbo walizochagua nyingi ni zile ambazo bendi haikuzoea kuzipiga jukwaani. "Easy Livin'" haimo. Mjomba alilipokea hilo kama mtu aliyealikwa harusini asimkute bwana harusi.

Mwanangu wa kwanza, ambaye anajifunza gitaa kanisani Satellite na ambaye nilidhani ataondoka baada ya dakika kumi, alikuwa amesogea hadi goti lake likagusa meza ya televisheni. Alikuwa anatazama vidole. Kwa gitaa la stima lenye mwangwi na mikwaruzo, aliniambia baadaye, huwezi kujua kidole kimefanya nini na mtambo umefanya nini. Hapa kila kosa lingesikika. Anderson alipoingia na filimbi kijana alipiga kofi pajani, na Mjomba, ambaye anaiheshimu Jethro Tull, akakiri kwamba hapo pamekaa vizuri.

"Sasa hawa," Kukhu akauliza, "mbona mnasema wamepunguza? Gitaa si ndilo hilo?"

Nataka kulikalia swali hilo, kwa sababu sebuleni lilijibiwa haraka na vibaya. Kukhu alikuwa msichana George Mukabi alipokuwa akipiga gitaa lake kavu Magharibi, kabla ya kifo chake mwaka 1963. Hakukuwa na spika. Mpigaji aliketi, kidole gumba kikishika besi na kidole cha shahada kikicheza wimbo, na pembeni mwenzake anakwaruza chupa ya Fanta, zile za zamani zenye mifereji, kwa kipande cha chuma. Mtindo huo watu wa kwao wanauita omutibo. Huko Katanga, Jean-Bosco Mwenda alikuwa amefanya maajabu yake kwa gitaa moja tu. Mkusanyaji wa nyimbo Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi, na baadaye Nairobi nayo ikamjua. Hata Fundi Konde, aliyetangulia wengi nchini kushika gitaa la stima, alianza na lisilo na waya. Kwa mtu wa umri wa Kukhu, stima ndiyo iliyokuja kuongezwa. London wazee walikuwa wanavua kitu. Machoni pake walikuwa wamerudi mahali panapojulikana.

Nilipomtaja Mukabi, baba watoto hakukubali. Yeye ni mtu wa Les Wanyika, na alipoona mazungumzo yamefika Afrika Mashariki akaacha kuku na kuja mlangoni na mwiko mkononi. Akasema wanamuziki wale walipojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978, kilichowatambulisha ni namna gitaa zao za stima zilivyosikika. Toa waya kwenye gitaa la ridhimu la Omar Shabani katika "Sina Makosa", akasema, na umemtoa Shabani mwenyewe. Ile sauti nyembamba isiyochoka, inayozunguka na kuzunguka juu ya besi ya Tom Malanga, haitoki kwenye ubao mtupu. Mjomba akasimama kumpa mkono. Sikuwahi kuwaona wawili hao wakikubaliana juu ya jambo lolote, hata mahali pa kuegesha gari.

Mimi nasimama kati yao na Kukhu, na si kwa kuogopa kukosana na mtu. Shabani na Box walichagua sauti zao, kama mtu anavyochagua maneno. Shabiki anayelia kwamba sauti hiyo imeondolewa hana ushamba wowote. Ameisikiliza kwa miaka 50, na kwake huo mlio ndio wimbo. Lakini mkono wa kulia wa Shabani ulikuwa unafanya kazi ileile ya kidole gumba cha Mukabi. Waya uliipeleka kazi hiyo hadi nyuma ya ukumbi uliojaa watu wanaocheza. Mtu akikupigia wimbo huo bila waya anakuonyesha mkono, na kuuona mkono ni zawadi hata kama umeukosa mlio.

Tamasha lilikuwa limefikia ukingoni. Umebaki wimbo mmoja, "Lady in Black", na Mjomba alikuwa ameuvumilia usiku mzima kwa ajili yake. Akavuta kiti mbele. Akamwomba anti amshikie kikombe. Bendi ikajiweka sawa, na televisheni ikazimika, na taa, na koili huko jikoni ikalia tii na kunyamaza.

Tokeni zimeisha.

Kununua si kazi; simu ya baba watoto ilileta nambari mara moja. Kuziingiza ni kazi. Tarakimu ni 20, korido ni giza, na vitufe vya mita yetu vimefutika. Kijana anasoma, baba yake anabonyeza, mtoto wa jirani anamulika kwa tochi ya simu na mkono wake unatetemeka kwa kicheko. Mita ikakataa. Wakarudia. Ikakataa. Mjomba akatoka na miwani yake ya kusomea, akasoma kwa sauti ya mpiga chapa aliyesahihisha magazeti maisha yake yote, tarakimu nne kwa nne, akisubiri kila kundi lithibitishwe. Mita ikakubali. Korido nzima ikashangilia, hata wale ambao stima yao haikuwa imepotea.

Deki haikukumbuka tulipokuwa. Ilituonyesha maonyo ya haki miliki, kisha orodha, na kijana akaruka wimbo hadi wimbo kwa kitufe kilicholegea. Mjomba hajakaa bado. Picha ya jukwaa ikatokea, na kabla fimbo haijagusa ngoma, mlipuko ulisikika upande wa barabara na Kabiria yote tunayoiona kutoka kwetu ikawa giza. Transfoma. Mbwa wakabweka. Mtu wa ghorofa ya chini akataja jina la Mungu.

Jogoo alikuwa bado hajaiva.

Tulimhamishia nje, kwenye jiko la makaa la jirani wa pili, ambaye alikuwa amemaliza kuchemsha githeri na moto wake ungali mzuri. Viti vikafuata kuku. Anti akawasha mshumaa, akaubandika kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya kupikia. Mjomba alikaa bila neno, DVD ikiwa imenaswa ndani ya deki isiyofunguka bila stima, na nilimhurumia sana. Mtu mzima hapati mara nyingi kitu anachokitaka kwa moyo wote.

Kijana akaenda kuchukua gitaa lake. "Babu," akamwambia, "huo wimbo unaendaje?"

Mjomba akasema hauwezi kufundishwa gizani. Halafu akaanza kuunguruma, na kijana akaufuata, akatafuta, akacheka. "Ni mishiko miwili tu," akasema. A maina na G. Kweli, wimbo mzima unasimama juu ya hiyo miwili, na unaenda mbele kwa mwendo wa mtu anayetembea safari ndefu. Hensley aliutunga na kuuimba mwenyewe, Byron hayumo, na katika santuri ya 1971 unabebwa na gitaa lisilo la stima. Mjomba aliyajua hayo yote. Aliyatamka mwenyewe pale kwenye moshi, moja baada ya jingine, na alipofika kwenye la mwisho akanyamaza, kwa sababu alisikia alichokisema. Wimbo alioupenda kuliko yote ya bendi hiyo haukuwahi kukihitaji kinanda anachokilinda.

"Huo ulikuwa mkavu tangu mwanzo," akasema.

"Si nilikuambia, Mzee," Kukhu akajibu. Akaagiza chupa. Chupa za Fanta za siku hizi nyingi ni za plastiki, kwa hiyo jirani akaleta chupa tupu ya sosi yenye vifundo, na Kukhu akaikwaruza kwa mpini wa kijiko. Mwanzo alikuwa na mapigo yake na kijana ana yake. Akamsimamisha mjukuu, akamwambia asikimbie, aliache gumba litembee. Kijana akarudi polepole. Mjomba akaimba. Sauti yake si ya Hensley, ni nzito na imekatika juu, lakini maneno yote alikuwa nayo, na pale wimbo unapopanda bila maneno watu wa korido waliingia bila kualikwa, maana hapo hapahitaji Kiingereza. Waliurudia hadi kuku akaiva, na kuku wa kienyeji hana haraka. Baba watoto alipakua akisema bado angependa kusikia Shabani kwa waya. Hakuna aliyembishia.

Stima ilirudi Jumanne alasiri. Mjomba akaja peke yake, akaketi palepale, na sasa hatimaye akautazama wimbo huo ukipigwa London, na fidla zikiusindikiza, na ukumbi ukiimba. Aliutazama mara mbili. Kisha akampigia simu Kukhu, ambaye tayari alikuwa amerudi Butere, kumpa taarifa: fidla zimekaa vizuri, mpiga ngoma ana adabu, ila pale katikati wangeweka chupa.

Kukhu akamuuliza kama huyo Box aliwahi kumsikia Mukabi.

Mjomba akasema hadhani, lakini kuna njia ya kumwandikia barua, na ataiandika yeye mwenyewe.