Bado Mmoja Tuondoke

Wasafiri wa dunia hawaishi kuusifu uwanja wa ndege wa Changi, Singapore, kwa jinsi unavyomtunza abiria aliyekwama kati ya ndege mbili. Kuna bustani ya vipepeo, bwawa la kuogelea juu ya paa, na tangu 2019 maporomoko ya maji ya mita 40 ndani ya jengo. Mwenye saa nyingi za kungoja huweza kutembezwa mjini kwa basi bila malipo. Yote hayo ni mazuri, ila yana dosari: ndege ina saa yake ya kuondoka. Abiria huonjeshwa raha ya kungoja, kisha akanyang'anywa. Kwenye steji za Embu na Meru, Kenya, hakuna dhuluma ya namna hiyo. Matatu huondoka ikijaa, na itajaa lini ni siri ya Mungu na kondakta.

Matatu isiyojaa imelaumiwa kupita kiasi, tena na watu ambao hawajaichunguza vizuri. Wakati umefika itetewe.

Chukua mama aliyefika Embu kutoka Nairobi na sasa anatafuta gari la kumfikisha Meru. "Ingia mathe, ni wewe tu tunangoja!" kondakta anamwambia, huku mkoba wake umeshatangulia ndani. Mama anakuta wanaume wanne wametulia vitini, mmoja anasoma gazeti la juzi. Hao si abiria. Ni vijana wa steji waliokalishwa humo ili gari lionekane limekaribia kujaa, na kila abiria wa kweli anapopanda, mmoja wao hushuka taratibu bila kuaga. Hesabu ya vichwa hubaki palepale. Baada ya nusu saa dereva anawasha injini, gari linasogea mita mbili mbele, watu wanafunga mikanda, kisha linarudi mita mbili nyuma.

"Tunatoka saa ngapi, kijana?"

"Saa hii, mathe. Bado mmoja tuondoke."

Shirika gani la ndege huwapa wateja wake matumaini mapya kila baada ya dakika tano, bila kuongeza nauli? Wala hakuna haja ya kwenda madukani, maana maduka huja dirishani yenyewe: ndizi mbivu, njugu, mahindi ya kuchemsha, soda, soksi, chaja za simu, miwani ya jua. Asiyetaka kununua hupata fursa ya kukataa kwa adabu mara kumi, na hilo nalo ni zoezi.

Embu, kwa kweli, ni mji uliosomea kazi hii. Kwa miaka mingi, hadi mfumo wa kaunti ulipoanza 2013, ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, mkoa uliotoka Makueni hadi Moyale kwenye mpaka wa Ethiopia. Shughuli za serikali za mkoa mzima zilikuwa hapo, na aliyetoka Marsabit akavuka nyika yote ile hakuwa na la kufanya ila kukaa kwenye benchi mpaka mkubwa arudi ofisini. Hata hoteli yake mashuhuri, Izaak Walton, imepewa jina la Mwingereza aliyechapisha kitabu cha uvuvi wa ndoano mwaka 1653. Mji mwingine ungeita hoteli yake kwa jina la jenerali. Embu ilimchagua mtu wa kukaa kando ya maji akisubiri samaki aamue.

Wapo waliojaribu kuharibu mila hii. John Michuki, akiwa Waziri wa Uchukuzi, alileta kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004: mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa njano ubavuni, na abiria 14 tu katika Nissan. Kabla ya hapo gari halikuwa na kujaa. Daima palikuwa na nafasi ya mmoja zaidi, awe amekunjwa au ananing'inia mlangoni. Michuki aliokoa maisha ya wengi, lakini lazima isemwe kwamba alilipa neno "bado mmoja" kikomo ambacho halikuwa nacho.

Faida nyingine ni ya kijiografia. Embu iko kusini mwa ikweta, na mji wa Meru uko kaskazini yake kwa kilomita chache tu. Hivyo aliyengoja gari Embu asubuhi, akafika Meru akangoja la kwenda Maua jioni, amepoteza siku moja katika nusu mbili za dunia. Huko Meru kungoja kwenyewe kuna elimu: Jumba la Makumbusho limo katika jengo la mwaka 1916 lililokuwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Msafiri mjanja hulitembelea, akarudi steji, akakuta kiti chake bado ni chake.

Wenye wivu watauliza kuhusu miraa, lile jani la kutafuna. Ni kweli, hapo Meru miraa haingoji mtu. Ikishachumwa mashambani Igembe hufungwa kwa majani ya mgomba, ikatupwa kwenye pikapu, na pikapu ikaruka kuelekea Nairobi kuwahi ndege, kwa sababu baada ya siku mbili hivi utamu wake umekwisha. Abiria wa matatu huitazama ikipita na honi zake, akaona jani likiheshimiwa kuliko mtu. Asione uchungu. Kuachwa steji ni cheti cha ubora: ni ushahidi kwamba yeye hanyauki. Na miraa yenyewe ilipata funzo lake. Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014, na Somalia ikaifungia anga kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022. Zaidi ya miaka miwili mkulima wa Igembe aliambiwa ni bado kidogo tu.

Inabaki fadhila moja ambayo kaunti hizi hazijaiuza nje: ufundi wa kondakta. Mpakani mwa Meru na Isiolo upo uwanja wa ndege wa kimataifa uliofunguliwa 2017, wenye jengo la kuhudumia abiria 125,000 kwa mwaka na njia ya kurukia ya kilomita 1.4, ambayo ni fupi mno kwa ndege kubwa za mizigo. Ndege zinazotua hapo ni chache. Wakulima walitarajia miraa ipandie hapo, lakini ingali inakimbilia Nairobi kwa barabara. Wataalamu wamependekeza lami zaidi. Njia ya bei nafuu ni kuajiri makondakta watatu wa steji za Meru, wapewe vizibao vya kung'aa, wasimame chini ya bawa na kupiga bodi makofi: "Nairobi mmoja! Nairobi mmoja wa haraka!" Wanne wa kukalia viti vya mbele wanapatikana, na gazeti lao wanalo.