Mhubiri na Punda wa Maji

Aghalabu vitabu vya wamisionari wa zamani hujaa simba, homa na vyombo vilivyozama baharini, wala sidhani kama yumo hata mmoja wao aliyeona habari ya chai inastahili ukurasa. Ludwig Krapf alishuka Mombasa mwaka 1844, na kabla mwaka ule haujaisha alikuwa amekwisha kumzika mkewe pamoja na mtoto wao mchanga. Naye Johannes Rebmann, aliyemfuata mwaka 1846, alikaa Rabai karibu miaka thelathini hata akapofuka macho. Watu wa namna hiyo huwezi kuwasimulia masaibu ya miguu yenye baridi bila ya kuona haya. Lakini maadamu wao wamekwisha kuandika yaliyo makubwa, mimi niliyepelekwa Njoro ningali kijana, nikitoka Pangani ambako mtu hujifunika shuka moja na hata hiyo huiona nzito, nadhani ninayo ruhusa ya kuandika yaliyo madogo.

Wazee wa kanisa letu walioniaga waliijua Kenya kwa mlango wa Mombasa tu, wakanihakikishia kwamba huko niendako ni nyumbani, lugha ni ile ile na nazi ni zile zile. Basi nikafunga kanzu mbili, makubadhi, na shati la mikono mifupi la Jumapili. Njoro, kwa faida ya msomaji ambaye hajafika, iko juu zaidi ya mita elfu mbili kutoka usawa wa bahari, chini ya vilima vya Mau, na mwezi wa Julai ukungu huingia nyumbani asubuhi bila ya kubisha hodi. Lililonikera zaidi ni kwamba mahali hapo pamekaribiana mno na ikweta. Hata Lord Delamere, alipokodishiwa ekari laki moja hapo mwanzoni mwa karne iliyopita, shamba lake aliliita Equator, jina ambalo mtu wa pwani akilisikia hutafuta kipepeo. Kondoo wa bwana huyo walikufa kwa wingi, na ngano yake ikaliwa na kutu, nami nilipopewa habari hizo nilifarijika kidogo kwa kujua kuwa sikuwa mgeni wa kwanza kudanganywa na ramani.

Alasiri moja ikanyesha mvua ya mawe, na kwa muda usiopungua nusu saa shamba la viazi lililopakana na nyumba yangu likawa jeupe pepe kutoka ua hadi ua. Nikamwandikia mama barua, nikamweleza kinaganaga kwamba nimekanyaga barafu iliyotoka mbinguni na kwamba watoto walikuwa wakiiokota na kuitafuna. Mama akampa mchungaji wetu aisome kwa sauti mbele ya majirani, na jawabu lililorudi liliniuliza, kwa upole ulionichoma kuliko matusi, kama huko niliko nimeanza kunywa kitu. Mchungaji naye aliongeza mstari wake chini, kunijulisha kwamba nimewekwa katika sala za Jumatano. Hapo ndipo nilipomwelewa Rebmann, aliyeiona theluji ya Kilimanjaro kwa macho yake mwaka 1848, kisha bingwa mmoja wa jiografia aliyeitwa Cooley, akiwa ameketi zake London, akashikilia kwamba jambo hilo haliwezekani asilani. Tofauti yetu ni kwamba Rebmann alipata kusadikiwa baada ya miaka kadhaa, ilhali mama yangu hajasadiki mpaka leo.

Kabuti nilipewa na mzee mmoja wa kanisa, gambuti nikapewa na mwingine, na soksi za sufu nikafumiwa na shosho mmoja aliyesema kwamba hawezi kusikiliza mahubiri ya mtu anayetetemeka, kwa kuwa hajui kama anatetemeshwa na Roho au na baridi. Baada ya kunivika, wakaanza shauri la kuniozesha. Si mbali na hapo imesimama ngome ya mawe ya Lord Maurice Egerton, yule ambaye shule yake ya kilimo ya mwaka 1939 leo ni Chuo Kikuu cha Egerton. Ujenzi wa ngome hiyo ulianza mwaka 1938 ukamalizika mwaka 1954, na inasimuliwa kwamba aliikusudia kwa mwanamke ambaye alimkataa. Yaliyo yakini ni kwamba alifariki mwaka 1958 hana mke. Kila mama mwenye binti au mpwa alinipeleka kwa maneno hadi kwenye ngome ile. “Mwalimu, umeiona ile nyumba? Vyumba vyote vile, na hakuna wa kumwambia karibu chai.” Nilipojibu kwamba Lord bila shaka alikuwa na wapishi, niliambiwa kwamba mpishi si mke, na kwamba mtu anayejibu hivyo ndiye hasa anayehitaji kuozwa upesi.

Lakini yote hayo si kitu mbele ya habari ya punda. Katika Njoro maji mengi huuzwa kwa mkokoteni wa punda, mitungi ikiwa imepangwa safu safu, na muuzaji mmoja wa maji alikuwa kijana wa kwaya yetu. Jumapili moja nilipaswa kuhubiri katika tawi lililokuwa njia ya Mau Narok, mvua ilikuwa imegeuza barabara kuwa tope tupu, na matatu hazikuonekana. Kijana yule, kwa ukarimu wake, akanipandisha mkokoteni, akashika hatamu kwa kitambo kidogo, kisha akaniachia ili awahi mazoezi ya kwaya. “Wewe kaa tu, Mwalimu. Huyu punda anajua njia yote.”

Punda aliijua njia, ila ilikuwa ile ya wateja wake. Alisimama mlango wa kwanza, akakataa kuondoka kwa kuombwa wala kwa kusukumwa, mpaka alipotoka mama mwenye nyumba na mitungi yake mitupu. Na huyo mama, badala ya maji akakuta mhubiri mwenye Biblia na kabuti, na kwa kuwa watu wa huko hawamwachi mgeni asimame mlangoni, nikaingizwa ndani nikapewa chai ya maziwa. Tukaenda mlango wa pili, hali ikawa ile ile. Wa tatu wakaongeza viazi vitamu. Kukataa ni dharau, na kunywa nusu ni dharau iliyo mbaya zaidi. Nilipofika kanisani tumbo limejaa pomoni, waumini walikuwa wamekwisha kuimba tenzi zote walizozijua na kurudia baadhi yake.

Nilingoja kukemewa. Mzee wa kanisa akasimama, akatangaza kwa taadhima kwamba habari zimemfikia kuwa Mwalimu amezunguka nyumba kwa nyumba tangu alfajiri, hata kwa wale ambao hawajapata kukanyaga kanisani, na amina zikaitikiwa kabla sijafumbua kinywa kueleza lolote. Jumapili iliyofuata wakaja kweli baadhi ya mama wale, mmoja wao akiwa na mtungi wake, akiuliza maji yake ya wiki iliyopita yako wapi. Yule aliyekuja na mtungi ndiye aliyekuwa baadaye mweka hazina wa tawi, wala hatujapata mwingine mkali wa hesabu kama yeye.

Taarifa ya mwaka iliyopelekwa makao makuu ilisema kwamba mhubiri mpya ana ghera ya kuwazuru watu majumbani mwao. Punda hakutajwa, na mimi nasema hiyo ilikuwa dhuluma.