Hasi Kumi na Mbili

Kariakoo, ukisema "kitu hiki hapa hakuna," umemtukana mtu. Kwa hiyo winga, dalali wa mtaani, aliponidaka Msimbazi na kuniuliza nataka nini, nilijieleza kwa adabu: nataka umeme wa volti 12, chanya na hasi, wa sinthesaiza ya moduli.

"Ipo," alijibu kabla sijamaliza.

Sinthesaiza yenyewe ni sanduku la vitufe vya kuzungusha ambalo binamu yangu aliniachia alipokuja likizo kutoka Ujerumani. Kinanda haina. Kila kipande kina kazi yake, na sauti inapita kwenye nyaya unazochomeka mwenyewe. Kipande cha katikati, filta, kinafuata Polivoks, mashine ya Wasovieti ya mwaka 1982, aliyoibuni mhandisi Vladimir Kuzmin. Sura yake aliichora mkewe, Olimpiada, akifuata redio za jeshi. Nayo haiimbi, inafoka. Usiku mmoja umeme ulikatika mtaani, uliporudi ukarudi na hasira zake, adapta ikatoa moshi.

Winga akanizungusha. Mtaa wa Aggrey tukaoneshwa chaja ya laptopu. Kona ya pili, adapta ya king'amuzi. Nikasisitiza kwamba lazima iwepo na hasi kumi na mbili. Akanitazama kwa huruma: "Bosi, bei inashuka, ila haishuki mpaka huko."

Aliyetuokoa ni fundi redio mmoja mzee, kibarazani kwake, katikati ya sabufa zilizopasuliwa matumbo. Hakuuliza mashine inapiga nini. Alitoa transfoma ya amplifaya yenye nyaya tatu upande mmoja, akaipima: 12-0-12. "Wa katikati ni sifuri. Huku chanya, huku hasi." Akaweka diodi, kapasita, regileta ya 7812 na ya 7912, akachomelea. Kisha udadisi ukamshika, akataka kujua ile filta ya Kirusi. Nikamwambia sifa yake: Kuzmin hakuiwekea kapasita kama filta nyingine, alitegemea tabia ya chipu zenyewe, K140UD12. Mzee akaguna. "Huyo fundi. Kafanya kwa kilichopo."

Winga alidai chake kwa fundi, kisha kwangu. Alisema sasa ameelewa: kuna chanya na kuna hasi, na yeye yupo katikati.

Nyumbani nilipoiwasha, jirani mmoja alitoka na panga akidhani ni king'ora cha wizi. Mwingine akaanza kusoma Ayatul Kursi. Kijana wa chumba cha uani, anayetengeneza singeli kwa kompyuta kuukuu, alikuja na simu kurekodi. Kwake hapakuwa na ajabu: tangu lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala itoe albamu ya singeli, Sounds of Sisso, mwaka 2017, kelele za studio ya Sisso ya Mburahati, zenye mapigo yanayovuka 200 kwa dakika, zinachezwa mpaka Ulaya. Alisikiliza kidogo, akatoa hukumu: "Kali, ila imelala. Tuiongeze spidi."

Tukaiongeza. Hapo ndipo mama mwenye nyumba alipogonga, akaanza kuhesabu nyaya. Mchango wa LUKU kwetu unapangwa kwa vyombo, na friji ya mpangaji mwenzangu ina waya mmoja tu. Nikaapa kwamba sanduku zima linakula umeme kidogo kuliko feni. Hakusadiki. Baada ya kikao kirefu koridoni tukaafikiana: mimi nitachangia kama mwenye pasi, na kijana wa singeli, kwa kuwa spidi kaongeza yeye, atalipia uniti za ziada.