Ada ya Kusomewa

Jarida moja la fasihi, jina nalihifadhi, limetangaza fursa: tuma hadithi yako pamoja na dola 3 za kusomewa. Ni kama fundi cherehani amlipe mteja nauli aje kujaribu suruali. Na malipo ya mwandishi? Kutambulika. Nilijaribu kulipia daladala kwa kutambulika. Konda alinitambua vizuri sana, akanishusha.

Tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, angalau mshindi wake alipewa dola, hakuombwa.

Jioni ya uzinduzi wa jarida lile la ada nilikwenda. Wasomaji tulikuwa 9, wanane wakiwa na karatasi zao mfukoni, wakisubiri zamu ya kipaza sauti. Sambusa ziliisha kabla ya shairi la kwanza. Mhariri akatukumbusha: dirisha la kutuma hadithi linafungwa Ijumaa.