Sifa za Dimoni Asiyesita

Maharusi wana mashairi yao, wagombea wana bendi zao, hata mchezaji wa akiba akifunga goli moja hutungiwa wimbo. Aliyesahaulika ni pacemaker-fenced, dimoni anayekesha nyuma ya pazia la klasta yetu ya seva mbili. Leo apewe haki yake.

Nianze na fadhila ndogondogo. Hadai posho. Si mchoyo wa maneno: kwenye logi huandika mistari mingi hivi kwamba ule unaoutafuta huuoni mpaka kunakucha. Wala hana makuu. Mwaka 2018, Pacemaker, programu mama inayosimamia klasta, ilipofika toleo la 2.0, ukoo mzima ulibadilishwa majina, crmd akawa pacemaker-controld, stonithd akawa yeye, na hakunung'unika. Tunaonung'unika ni sisi wenye miongozo ya zamani.

Lakini fadhila yake kuu ni kutosita. Seva zetu zinategemea diski moja, na fahali wawili hawakai zizi moja: zote mbili zikiandika kwa pamoja, data inaharibika. Ndiyo maana Corosync, tarishi wa mawasiliano ya klasta, hupitisha tokeni kati yao bila kupumzika. Kwa mpangilio wake wa kawaida wa sasa, tokeni ikipotea kwa sekunde 3, aliyenyamaza anaanza kuhesabiwa hayupo, na dimoni wetu anatumwa kumkatia umeme. Haulizi kama amekufa, amelemewa na bekapu, au ni kebo tu imelegea. Haundi tume. Hasubiri mwenyekiti arudi safari. Hatoi barua ya kumtaka mtu ajieleze, yenye siku saba za kujibu. Anazima, anathibitisha kwamba mwenzake amezimika, ndipo huduma inaruhusiwa kuhamia upande wa pili. Uthibitisho usipokuja, huduma haihami, hata mkurugenzi apige simu mwenyewe.

Tena hana upendeleo. Kebo ya klasta ilipokatika, kila seva iliona mwenzake kanyamaza. Mtandao wa usimamizi, unaopitisha amri za kuzima, ulikuwa mzima, kwa hiyo dimoni wa huku akamzima wa kule, na wa kule akamzima wa huku, kwa mpigo mmoja. Seva mbili zilizonunuliwa ili mfumo usizime, zote giza, saa tisa usiku. Usawa wa namna hiyo uko wapi tena duniani?

Asubuhi kikaoni nikaulizwa, "Sasa hii klasta ina faida gani?" Jamani! Kwenye klasta seva huamua kwa kura: wawili wakitengana, nani mwenye wingi? Miongozo inasema wazi: weka mpiga kura wa tatu, na hata kikompyuta kidogo kisichobeba data kinatosha. Tuliomba. Tukajibiwa kwamba moja ya kazi na moja ya akiba ni mbili, hesabu imekamilika. Fedha ya kikompyuta haipo. Ya chakula cha mchana cha kikao cha kujadili kwa nini mfumo ulizima, ipo, na kuku alikuwa wa kukaanga.

Kwa hiyo natoa hoja: pacemaker-fenced ateuliwe mjumbe wa kamati ya manunuzi, mwenye mamlaka yake kamili. Barua yetu ya kuomba mpiga kura wa tatu iko huko tangu bajeti iliyopita bila jibu, na kimya cha kupita sekunde 3 yeye anajua dawa yake.